Hoho zimetoka kali, mavuno hayapandi: kutafuta tatizo kwenye mbegu za pilipili unazozalisha mwenyewe

Wakuu, hii ni kwa nyie mnaokamua mbegu zenu wenyewe, mnaochanganya hoho na pilipili ndefu au mbuzi na kichaa mkitafuta aina yenu ya kuuza, alafu mambo yanaenda kombo. Kabla hujalaumu udongo, duka la pembejeo au jirani, jiulize kwanza hiyo tabia inayokusumbua inaendeshwa na jeni moja au na jeni kibao zikisaidiana na jua na maji. Ukali upo au haupo, tunda jekundu au la njano, linatazama juu au limening'inia, hizo ni tabia za jeni moja moja, unaziona kwa macho na ndani ya misimu michache umezituliza. Mavuno, uzito wa tunda, ukali kiasi gani, wekundu wa unga, hizo zina jeni nyingi na mazingira yanatia mkono, kwa hiyo mche mmoja uliobeba sana shambani haukwambii kitu. Asilimia kubwa ya vilio ninavyovisikia ni mtu anatibu tabia ya jeni nyingi kana kwamba ni ya jeni moja, au anakata tamaa na tabia ya jeni moja ambayo ingemchukua misimu miwili tu.

Swali la pili ni kizazi. Mbegu uliyonayo ni ya aina iliyotulia, ni chotara yenyewe (F1), au ni mtoto wa chotara (F2)? Kama hujui, andika kuanzia leo, kamba na kibao kwenye kila tunda unaloacha liive kwa ajili ya mbegu, bila hivyo utakuwa unapiga ramli.

Hoho zimetoka kali

Hili ndo kubwa kuliko yote. Kwenye kromosomu ya 2 ya pilipili kuna jeni inaitwa Pun1, hiyo ndo swichi ya kapsaisini, kile kitu kinacholeta ukali. Hoho wana toleo bovu la hiyo jeni, kipande cha herufi kama 2,500 za DNA kimekatika mwanzoni mwake, kwa hiyo hakuna ukali unaotengenezwa. Toleo zima linatawala, maana yake mche ukipata moja tu kutoka kwa mzazi yeyote, tunda lina ukali.

Sasa hapa ndo watu wanapokosea. Wanaona wamepanda hoho karibu na kichaa, hoho zikiwa kali wanasema nyuki wa msimu huu wamechafua. Hapana. Ukali unatengenezwa kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu, na utando huo ni mwili wa mama, haujali chavua imetoka wapi. Chavua ya kichaa ikiingia kwenye ua la hoho leo, tunda hilo litaliwa tamu kama kawaida, ila mbegu zilizomo ndani ndo zimeshabeba ukali, utauona msimu ujao. Kwa hiyo kama hoho yako ni kali sasa hivi, kosa lilitokea msimu uliopita kwenye mbegu, au miche ilichanganyika kitaluni.

Jinsi ya kujua ni lipi: hesabu miche, usikadirie. Kata tunda moja kila mche, gusisha ncha ya kisu kwenye ule utando kisha kwenye ulimi (mbegu zenyewe hazitengenezi ukali, zinapakwa tu na utando). Ukikuta miche michache mikali katikati ya mingi mitamu, ni nyuki wa msimu uliopita au miche iliyochanganyika kitaluni. Ukikuta karibu robo tatu ni mikali na robo ni mitamu, umepanda mbegu za tunda lililotoka kwenye mche ambao tayari ulikuwa chotara. Ukikuta yote mikali, basi angalia pakiti, hizo hazikuwa mbegu za hoho kabisa au mama mwenyewe alikuwa mkali.

Dawa ni nafuu kuliko watu wanavyodhani. Mche mtamu uliotokea kwenye huo mchanganyiko umeshatulia kwa upande wa utamu, sababu ili uwe mtamu lazima uwe na matoleo mawili mabovu, hauna ukali uliojificha. Umbo na ukubwa vitaendelea kuyumba, lakini ukali haurudi kama utalifunika ua. Tatizo ni ukitaka kinyume chake, mstari (ukoo wa mbegu) mkali usiotoa watoto watamu. Theluthi mbili ya miche mikali ya F2 inabeba toleo bovu kimya kimya na kwa kuonja hutaijua. Chukua mbegu za mche mmoja uliojichavusha, panda miche 17, mama anayebeba toleo bovu ana uwezekano wa chini ya asilimia 1 wa kukutolea zote kali. Miche mitano haitoshi, nimeona watu wanapanda mitano wanashangilia.

Na lile la kusema "pilipili inajichavusha yenyewe haina haja ya kufunika" liacheni. Ni kweli ua lina sehemu zote mbili, lakini kiasi cha kuchanganyika kilichopimwa sehemu mbalimbali kinaanzia asilimia chache tu na kinafika juu ya 90, inategemea aina na nyuki wa eneo. India viwango vyao vya mbegu za pilipili vinataka mita 200 kutoka aina nyingine kwa mbegu iliyothibitishwa na mita 400 kwa mbegu ya msingi. Huna hizo mita? Funika tawi kwa kipande cha neti kabla maua hayajafunguka, litikise asubuhi, matunda yakishika toa neti ufunge uzi wa rangi.

Kuna kituko kimoja cha nadra, tamu kwa tamu inazaa kali. Inawezekana pale wazazi wawili wamekosa ukali kwa njia tofauti. Kuna aina ya Kijapani, CH-19 Sweet, yenyewe Pun1 yake ni nzima ila jeni nyingine ya njia hiyo hiyo, pAMT, ndo imeharibika. Ukiichanganya na hoho ya kawaida kila mmoja anamletea mwenzie kilichokosekana. Kwa shamba la kawaida usianze kuwaza huko, anza na nyuki.

Nimekamua mbegu za F1 ya dukani, zimetoka vurugu

Hapa hakuna ugonjwa, ndo tabia ya F2, kila jeni iliyokuwa tofauti kwa wazazi inagawanyika upya. Ukitaka uifanye iwe aina yako, chagua na ujichavushie vizazi mpaka F6 hivi, sababu kila kizazi mchanganyiko unapungua nusu: F2 asilimia 50, F3 25, F4 12.5, F5 kama 6, F6 kama 3. Habari njema ni kwamba pilipili haidhoofiki sana kwa kujichavusha kama mahindi.

Ila angalia hili: katika hiyo F2 unaweza kukuta miche inachanua vizuri, imenawiri kuliko wenzake, alafu haishiki tunda hata moja ukiifunika. Watu wanamwaga mbolea. Fungua ua lililochanua asubuhi, pitisha ukucha kwenye vifuko vya chavua. Kama vimesinyaa na hakuna unga wowote, huyo ni dume tasa. Chotara nyingi za kibiashara zinatengenezwa kwa mama tasa ili kuokoa kazi ya kutoa vifuko kwa mkono, ama kwa jeni ya kawaida ya utasa, ama kwa utasa unaokaa kwenye saitoplazimu ya mama (sehemu ya seli iliyo nje ya kiini) ambao Peterson aliuripoti mwaka 1958 kutoka kwenye pilipili ya India. Kwa hiyo robo ya watoto wa F2 wanaweza kutoka tasa. Ng'oa kama hutaki, au mtunze, ni mama mzuri wa kutengenezea chotara bila kutoa vifuko kwa mkono. Kwenye hoho huu utasa wa saitoplazimu unasumbua zaidi kwa sababu hoho nyingi hazina jeni ya kuurudisha uzazi, utapata chotara ambayo nayo haizai, na kwa tunda hiyo ni hasara tupu.

Natafuta mche wenye sifa zangu zote, siupati

Umepanda miche mingapi? Tuseme unataka tamu, ya njano, inayotazama juu kwa ajili ya vyungu. Zote tatu ni za kujificha (hazionekani mpaka mche upate toleo hilo kwa wazazi wote wawili), na ziko kwenye kromosomu tofauti, 2, 6 na 12. Kila moja ni robo, kwa hiyo zote pamoja ni mche 1 kati ya 64. Na kupanda 64 hakukuhakikishii, ili uwe na uhakika wa asilimia 95 kupata angalau mmoja unahitaji kama 190. Sifa mbili ni 1 kati ya 16, miche 47 inatosha. Mtu mwenye ndoo kumi barazani anatafuta sifa tatu kwa mpigo, atazeeka. Bora atulize moja kwanza, au achague mitamu kitaluni kwa kipimo cha DNA kama kuna maabara inayomkubalia, vipimo vya Pun1 vipo na jani dogo la mche linatosha.

Mavuno hayapandi miaka nenda rudi

Hapa nitakaa kidogo maana ndo penye pesa.

Mavuno ya mche ni idadi ya matunda mara uzito wa tunda, na hivi viwili vinavutana kamba. Ukichagua matunda makubwa kila msimu idadi inashuka, ukichagua mche uliojaa matunda yanakuwa madogo, na mwisho wa siku kilo ziko pale pale. Kwa hiyo usichague kwa tunda lililokuvutia sokoni, pima kilo za mche mzima mpaka mchumo wa mwisho. Najua inachosha. Lakini mtu anayebeba mbegu za tunda kubwa kuliko yote shambani anachagua uzito tu, hajachagua mavuno.

Uzito wa tunda wenyewe unarithika vizuri, hapo uchaguzi unalipa. Ila chotara zinashangaza: umechanganya hoho ya gramu 150 na pilipili ndefu ya gramu 6 ukitegemea kitu cha kati, gramu 78. Utapata kama gramu 30. Jeni za uzito wa tunda zinazidishana badala ya kujumlishana, kwa hiyo mtoto anaangukia karibu na mzazi mdogo. Siyo mbegu mbovu, siyo mbolea. Kama unataka chotara ya tunda kubwa, wazazi wote wawili wawe wakubwa, faida ya uchotara uitafute kwenye idadi ya matunda na kuwahi kuzaa.

Idadi ya matunda na mavuno kwa ujumla yanarithika kidogo sana ukiangalia mche mmoja mmoja. Ule mche uliobeba kuliko wote msimu huu pengine uko pembeni mwa tuta, unapata jua pande mbili, au bomba la drip linavuja hapo. Ukikamua mbegu zake, watoto wanarudi kwenye wastani na wewe unasema mbegu zimechoka. Fanya hivi: F2 na F3 chagua kwa vitu vinavyorithika kwa uhakika, umbo, rangi, ukali, uzito wa tunda, afya ya majani. Mavuno usiyachague mpaka F4 au F5, na hapo usipime mche, pima familia, miche kumi ya mama mmoja kwenye sehemu tatu tofauti za shamba, ukiwa umepanda aina unayoijua kando yake kila sehemu. Miche ya pembeni usiihesabu. Familia iliyoshinda mahali pamoja tu ikashindwa pengine haijashinda.

Kabla hujafika kwenye jeni lakini, kata matunda madogo uangalie ndani. Mbegu tano sita tu wakati ndugu zake wana sitini? Hiyo ni chavua imekufa, haihusiani na jeni za uzito. Joto la mchana likivuka nyuzi 32 hadi 35 chavua inaharibika na maua yanadondoka, na usiku wa baridi chini ya nyuzi 15 unakupa vitunda vifupi visivyo na mbegu. Mtu wa Dodoma na mtu wa Lushoto wakilinganisha mistari yao mwezi mmoja wanalinganisha hali ya hewa. Zipo aina zinazovumilia joto kuliko nyingine, ila huwezi kuzichagua usipozipanda kwenye hilo joto.

Mstari uleule, huyu mkali, yule hauna kitu

Pun1 inasema ndio au hapana tu. Kiasi kinaamuliwa na jeni nyingine nyingi, mojawapo kubwa ipo kromosomu ya 7, pamoja na umri wa tunda na mkazo wa maji. Kapsaisini inaanza kujikusanya kama wiki tatu baada ya ua kuchavushwa, inafika kilele wiki ya sita au saba, baadaye inaweza kushuka. Kwa hiyo kulinganisha tunda bichi la mche huu na lililoiva la mche ule ni kupoteza muda, funga uzi siku ua linapofunguka uonje yaliyolingana umri. Mche ulionyimwa maji mara nyingi unatoa kali zaidi, lakini siyo kila aina, ndo maana mistari miwili inaweza kubadilishana nafasi kati ya masika na kiangazi.

Ukitaka ukali wa kutisha usiutafute kwenye annuum, spishi ya hoho na pilipili ndefu. Pilipili mbuzi ni spishi nyingine, chinense, kundi moja na Bhut Jolokia ya kaskazini mashariki mwa India na Trinidad Moruga Scorpion, na hizo mbili za mwisho viriba vya kapsaisini havikai kwenye utando peke yake, vinapanda mpaka kwenye nyama ya tunda.

Rangi

Nyekundu inatawala njano. Njano nyingi ni matokeo ya kupotea kwa jeni ya CCS, ile inayomalizia kutengeneza kapsantini, rangi nyekundu ya tunda. Umechanganya njano na ya chungwa ukapata nyekundu? Sawa kabisa, njano ilikosa CCS na ya chungwa ilikuwa na kasoro mapema zaidi kwenye njia hiyo hiyo, jeni ya PSY, kila mmoja akaziba pengo la mwenzie, habari ileile ya tamu kwa tamu. Ya kahawia nayo ni nyekundu iliyoshindwa kuacha kijani chake.

Wekundu wa unga ni kesi nyingine, huo ni wa jeni nyingi, na una uhuru wake na ukali. Ushahidi mzuri ni Byadgi ya Karnataka, unga mwekundu wa kukolea, ukali kidogo, viwanda vinaigombania kwa kukamua rangi, wakati Guntur Sannam ya Andhra Pradesh inauzwa kwa ukali wake. Kwa hiyo mtu akikwambia unga mwekundu sana lazima uwe mkali, anabahatisha. Kama unga wako umepauka angalia kwanza mchumo: tunda lililochumwa halijaiva vizuri, limeanikwa juani wiki nzima, limesagwa na mbegu zote. Rekebisha hayo matatu kabla hujabadilisha mzazi.

Kuchuma kichaa kunakula faida yote

Kichaa tunda linachomoka lenyewe kutoka kwenye kikonyo, ni urithi wa porini, ndege wanalila bila kusikia ukali na wanasambaza mbegu. Kuna jeni inaitwa S, kromosomu ya 10, inafanya tunda lichomoke kirahisi lakini inalilainisha nyama kwa wakati mmoja. Ni jeni hiyohiyo, na inatawala. Kwa pilipili ya kukausha bila vikonyo ni baraka, kwa pilipili mbichi ya kusafirisha kwenye matenga ni balaa, litafika rojo. Usijaribu kuvitenganisha, chagua soko kwanza. Na ukitaka matunda mengi kwa kila kifundo angalia chinense, zinatoa maua mawili na zaidi pale annuum nyingi zinapotoa moja.

Mchanganyiko haushiki, au watoto wanatoka vilema

Kwanza ufundi. Chagua kitumba kilichojaa kinachotarajia kufunguka kesho, toa vifuko vyote kabla havijapasuka, paka chavua mbichi ya asubuhi, funika, andika. Maua mengi yatadondoka hata ukifanya sawa, fanya mengi.

Yakidondoka yote, tazama ukoo. Zilizofugwa ni spishi tano, na zote unazoziona zina kromosomu 24 lakini haziingiliani sawasawa. Annuum na chinense zinaelewana, mara nyingi vizuri zaidi annuum akiwa mama. Baccatum na annuum kwa kawaida wanataka kiinitete kiokolewe maabara. Pubescens, ile ya maua ya zambarau na mbegu nyeusi, na annuum msipoteze muda.

Wapo watoto wa annuum na chinense wanaotoka wafupi, majani yamekunjamana, ungesema ni virusi. Kutofautisha ni rahisi: virusi huanzia sehemu fulani ya kitalu na vinasambaa, na wazazi waliopandwa pembeni nao wanaumwa. Kama watoto wa mchanganyiko huo wamelemaa lakini wazazi tuta moja nao wako safi, hizo ni jeni zimegombana, dawa ya nzi weupe haitasaidia. Badilisha mzazi mmoja, siyo lazima uache spishi.

Nimeleta ukinzani wa ugonjwa, tunda limeharibika

Umeleta kitu kizuri pamoja na mizigo yake. CM334 ya Mexico ni chanzo kinachotegemewa duniani dhidi ya kuoza mizizi kunakoletwa na kimelea cha Phytophthora, lakini tunda lake ni dogo na kali, ukichanganya mara moja na hoho utapata hoho isiyouzika. Mrudishe mtoto kwa mzazi wako mzuri. Mara ya kwanza damu ya mgeni inabaki asilimia 25, ya pili 12.5, ya tatu kama 6, ila kila mara lazima uwapime watoto kwa ugonjwa wenyewe, la sivyo utarudisha hoho nzuri isiyo na ukinzani. Kipande kilicho karibu na jeni ya ukinzani kinang'ang'ania kuliko vingine, kwa hiyo panda wengi kizazi hicho cha tatu.

Vyanzo vya ukinzani wa virusi na bakteria unaweza kuviomba World Vegetable Center, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga, makao makuu yao yako Taiwan na wana kituo Arusha. Wakati wa kuomba waambie spishi ya mzazi wako na ugonjwa ulionao shambani, maana kinachofanya kazi kwa mnyauko bakteria hakina uhusiano wowote na kinachofanya kazi kwa majani kujikunja. Na kama lengo ni kuuza mbegu, TOSCI (taasisi ya serikali ya kuthibitisha mbegu Tanzania) waanze kukujua mapema, usisubiri ufike F6.